UZI: Kura nyingi za Pwani ya Kenya hupotea kwa chifu, siyo kwenye debe. Tusaidiane kabla ya Agosti 2027

#1 Bint_Msambweni (mleta uzi)

Assalaam aleikum, habari zenu wote. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili nimelibeba kifuani tangu Agosti 2022.

Siku ile ya kura nilifika shule ya msingi niliyosomea kabla hata ya adhana ya alfajiri. Mbele yangu foleni alikuwa jirani yangu, mama wa makamo, amejifunga leso mpya, ile aliyonunuliwa ya Idi. Milango ilipofunguliwa saa kumi na mbili tukasogea. Zamu yake ikafika. Karani akachukua kipande chake, yaani kitambulisho, akakitia mashineni, akatafuta, akatafuta tena. Akamwambia kwa adabu, "Mama, jina lako halimo hapa." Wakatazama vituo vingine. Halimo popote.

Mama yule aliapa kwamba alijiandikisha. Na kweli alisimama foleni ya usajili, nilimwona kwa macho yangu. Nilipomhoji siku za baadaye ndipo nikaelewa. Wakati wa usajili kitambulisho chake kilikuwa kimepotea, anangoja kingine, akaenda na kile kikaratasi cha kusubiri. Karani akakitazama, akaandika kitu daftarini mwake, akamrudishia. Yeye akajua kwisha, jina limechukuliwa. Hakuna aliyemwambia, "Mama, bado."

Aliondoka kwa njia ya nyuma, huku kwenye vyoo vya wanafunzi, ili asipite mbele ya foleni. Alikuwa na aibu kana kwamba ametenda kosa.

Tunapozungumza kuhusu haki ya kura, mazungumzo yote huenda kwenye kuhesabu: nani kaiba, fomu gani imechezewa, mtambo umezimwa saa ngapi. Ni mambo mazito, sikatai. Lakini huku kwetu kuna kura zinazopotea miaka miwili kabla, kimya kimya, mahali pasipo na mwangalizi wala mwandishi wa habari. Zinapotea kwa chifu, kwenye dirisha la msajili wa watu, na, miaka ya nyuma, kwenye kamati ya kupiga watu msasa iliyokuwa ikikuuliza babu wa babu yako alizikwa wapi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia aliye mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura. Kifungu cha 83 kinaongeza kwamba taratibu za usajili zipangwe ili kumrahisishia raia, zisije zikamnyima haki hiyo. Lakini kuandikishwa kunataka kitambulisho au pasipoti. Basi mwenye mlango wa kitambulisho ndiye mwenye mlango wa kura, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Tangu IEBC, tume ya uchaguzi, irudishe usajili wa kila siku mnamo 29 Septemba 2025, mimi na wenzangu wanne tunatembea nyumba kwa nyumba. Hatuna chama wala mfadhili. Tunauliza swali moja tu: humu ndani watu wazima ni wangapi, na walio tayari kupiga kura hapa ni wangapi? Nyumba moja juzi watu wazima saba, walio tayari wawili. Watano wale si kwamba hawataki. Wawili hawana kipande, mmoja kipande kimeandikwa jina si lake, mmoja alijiandikisha Mombasa alipokuwa akifanya kazi bandarini, na wa mwisho ni bibi ambaye nitamrudia chini kwa sababu kisa chake kinaniuma.

Naomba kila mwenye uzoefu aandike. Mlikwama wapi? Mlijikwamua vipi?

#2 Nahodha_Shimoni

Dada, umenigusa penye jeraha.

Mimi ni Mpemba wa Kenya. Babu yangu alikuja na dau, akaoa huku, akazikwa huku. Baba kazaliwa huku, mimi huku, wanangu huku. Mpaka Julai 2023, serikali ilipotutambua rasmi pale Kilifi, sisi hatukuwa watu kwenye karatasi yoyote ya nchi hii.

Watu wa bara hawaelewi maana ya kukosa kipande. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, basi na M-Pesa huna. Leseni ya uvuvi huna, basi unavua kwa jina la mtu mwingine, na samaki wakiuzwa yeye ndiye anayeshika hela kwanza. Mwanao akifaulu, cheti cha kuzaliwa kinataka kitambulisho cha mzazi. Ukiona gari la polisi unakata kona. Nimekata kona miaka ishirini.

Kuhusu kura ndiyo usiseme. Wagombea walikuja kila baada ya miaka mitano, wakatusalimia, wakala pweza wetu, lakini walijua hatuna kura. Ahadi zao zilikuwa nyepesi. Walioandikishwa upande wa pili wa kijiji walipata kisima, sisi tukaambiwa subirini.

Nilipopewa kipande sikulala. Nilikiweka chini ya mto, nikawa nakishika usiku. Mke wangu akaniuliza, "Baba Fulani, unatafuta nini?" Nikamwambia nahakikisha bado kipo.

#3 Bint_Msambweni

Ahsante Nahodha. Subhanallah.

Kwa wasiojua, Wapemba hawakuwa wa kwanza, na njia yao ilifunguliwa na majirani zetu Wamakonde. Hawa waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni, kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa kule Ramisi. Wengine wakaja baadaye wakikimbia vita. Walichonga vinyago ambavyo watalii walivinunua wakivisifia kuwa sanaa ya Kenya, lakini aliyekichonga hakuwa Mkenya. Sheria ya Uraia ya 2011 iliwafungulia dirisha watu wasio na utaifa waliokuwa wakiishi nchini tangu uhuru, na dirisha lilikuwa la miaka mitano. Miaka ikaisha, vipande havijatoka.

Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, wazee, akina mama na watoto, wakitaka kumwona Rais. Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mapema 2017 vikaanza kutolewa, wakaitwa kabila la 43, na Agosti mwaka huo huo wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Washona wakafuata Desemba 2020.

Angalieni mpangilio wa mambo hapo. Hawakungoja kupata kura ndipo wapaze sauti. Walidai wakiwa hawana kura hata moja.

#4 Kijana_Likoni

Nimesoma. Pole kwa huyo mama na Nahodha. Ila niseme ukweli wangu, msinichukie.

Nilipiga kura 2017, nikapiga 2022. Maji kwetu bado ni ya mkokoteni. Feri bado unasimama jua linakuchoma. Juni 2024 vijana tuliingia barabarani, na ndani ya wiki moja Mswada wa Fedha ukaondolewa. Wiki moja! Na wenzetu wengine hawakurudi nyumbani, Mungu awarehemu. Sasa unaniambia nikapange foleni kwa msajili ili iweje? Barabara ilifanya kile ambacho kura haikufanya miaka yote hiyo.

#5 Mwalimu_Mstaafu

Kijana wangu wa Likoni, hakuna atakayekuchukia. Hasira yako ni ya haki. Nisikilize kidogo, mimi nilipiga kura ya mlolongo.

Mwaka 1988 hapakuwa na debe wala karatasi kwenye mchujo wa KANU, chama pekee wakati ule. Ulisimama nyuma ya picha ya mgombea wako, hadharani, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri wako, mbele ya mwenye duka anayekukopesha unga. Mimi nilisimama mlolongo mrefu uliozunguka uwanja mpaka kwenye mikorosho. Mlolongo wa pili ulikuwa mfupi, ungeuhesabu kwa pumzi moja. Jioni ikatangazwa mlolongo mfupi umeshinda. Na aliyepata zaidi ya asilimia 70 siku hiyo alikuwa kapita moja kwa moja, bila kura ya siri. Tulirudi nyumbani bila kusemezana.

Miaka miwili baadaye mlolongo ukafutwa, kwa sababu watu walisema. Mapadri walisema, mawakili walisema, wazazi wenu walisema kwenye mabasi na masokoni. Vyama vingi vikarudi Desemba 1991. Basi 1992 tukadhani tumefika, kumbe vijana wengi waliotimiza miaka 18 walinyimwa vitambulisho, wakakosa kura. Yaani anayosema Bint_Msambweni si mapya. Mlango wa debe ulipofunguliwa, ule wa kipande ulikuwa umefungwa.

Sasa nikurudie. Juni 25, 2024, wabunge 195 walisema ndiyo kwa mswada ule, 106 wakasema la. Hesabu hiyo ilitoka wapi? Wengi wao waliwekwa pale na kura za Agosti 2022. Kabla ya uchaguzi huo IEBC ilitaka kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja wa Oktoba 2021, ikapata kama milioni 1.5. Vijana wa miaka 18 hadi 34 wakawa chini ya asilimia 40 ya daftari, na idadi yao ilikuwa imepungua kulinganisha na 2017. Imepungua, kijana wangu, katika nchi iliyojaa vijana. Mlichokizuia kwa damu Juni 2024 kilikuwa kimepandwa foleni zilipokosa watu.

Sisemi barabara haifai. Barabara ilimwondoa mkoloni. Nasema usiwaachie debe.

#6 Kijana_Likoni

Mwalimu, hiyo ya 195 imenikaa. Sikuwahi kuiangalia hivyo.

Lakini na kuhesabu je? Nikijiandikisha, nikapiga, kisha wakaandika wanavyotaka?

#7 Karani_wa_Kituo

Hapa niingie, kwa sababu nilikuwa karani wa kituo 2017 na 2022.

Kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo ya urais yanaandikwa kwenye Fomu 34A. Mawakala wa vyama wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni. Juni 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Maina Kiai, iliamua kwamba matokeo yakishatangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho, Nairobi haiwezi kuyabadili. Miezi michache baadaye, Septemba mosi, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais mzima kwa sababu ya jinsi matokeo yalivyopeperushwa na kujumlishwa. 2022 picha za 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya tume, mtoto wa kidato cha pili angeweza kujumlisha.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotolewa kwa hisani. Watu walikwenda mahakamani, wakangoja, wakashindwa mara kadhaa kabla ya kushinda.

Ila mimi naungana na mleta uzi. Kazi ya kulinda hesabu ina watu wengi. Kazi ya daftari ina watu wachache. Ukaguzi wa daftari wa 2022 ulikuta marehemu zaidi ya 240,000 bado wameorodheshwa. Wafu wamo, na yule mama wa leso mpya hamo. Hilo halihitaji mwizi wa kura, linahitaji tu watu wasijali.

Na sahihisho kwa wanaosoma: KIKARATASI CHA KUSUBIRI HAKIANDIKISHI. Ni kitambulisho chenyewe au pasipoti. Ukimaliza kuandikishwa lazima uchukuliwe alama za vidole na picha, kisha upewe karatasi ndogo ya uthibitisho. Kama hukuwekewa kidole kwenye mashine, hujaandikishwa, hata kama umesimama foleni kutwa.

#8 Tanga_Raskazone

Shikamooni wakubwa. Mimi niko ng'ambo ya mpaka, Tanga, nimefuatilia kwa makini sana.

Kwetu mkanganyiko una sura nyingine. Uchaguzi wa serikali za mitaa, yaani mwenyekiti wa mtaa, wa kijiji na wa kitongoji, una orodha yake ya wapiga kura, mbali na Daftari la Kudumu la Tume. Orodha ile iliandikishwa Oktoba 11 hadi 20, 2024, siku kumi tu, na kura ikapigwa Novemba 27. Nilikuta watu wengi mtaani wakisema, "Mimi nina kadi ya mpiga kura, sihitaji tena." Walikuwa na kadi ya Tume, ambayo siyo orodha ya mtaa. Novemba wakafika, wakakosa jina, wakarudi.

Nilichojifunza kwenye uzi huu ni jambo ambalo nilikuwa naliona la kawaida. Huku kwetu, barua ya utambulisho, ile unayopeleka NIDA (ofisi yetu ya vitambulisho), benki, polisi ukimwekea mtu dhamana, inaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji. Na mwenyekiti tunampigia kura. Je, chifu wenu mnampigia kura?

#9 Bint_Msambweni

Marahaba ndugu yangu wa Tanga. Hapana, chifu hatumchagui. Chifu na naibu wake ni waajiriwa wa serikali kuu. Wazee wa vijiji nao hatuwapigii kura. Kwa hiyo mtu anayethibitisha kwamba wewe ni wewe, hana haja na kura yako. Umenifungua macho, sikuwahi kulipima hivyo. Wenyeviti wenu wakikunyima barua bila sababu, angalau miaka mitano ikifika unaye mkononi. Sisi dawa yetu ni kwenda kwa wingi na kuandika kila kitu.

Na hiyo ndiyo njia tunayotumia. Machifu wengi ni watu wema, wamechoka, wana eneo kubwa, ofisi haina hata karatasi. Lakini kuna ofisi moja (sitaitaja) kijana alikwenda mara sita. Mara chifu yuko mkutanoni, mara muhuri umefungiwa, mara lete na mjomba wako. Mara ya saba tulikwenda naye watu wanane, tukaketi kwenye benchi, tukiwa na daftari, tukaandika saa tuliyofika na jina la kila aliyetuhudumia. Hatukupaza sauti. Muhuri ulipatikana kabla ya adhuhuri.

Hiyo kuandika tarehe na saa naisisitiza. Malalamiko yasiyo na tarehe hayana miguu. Ukija na karatasi yenye siku saba, saa saba na majibu saba, hata Tume ya Utawala wa Haki, ambayo ndiyo ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya maafisa, ina pa kuanzia.

#10 Mama_Korosho

Naandikia kwenye simu ya mwanangu. Mwanangu kanambia huyo bibi wa mwisho kwenye posti ya kwanza ni kama mimi. Hebu eleza yake.

#11 Bint_Msambweni

Shikamoo mama. Nilikuwa nangoja nipate nguvu ya kuandika.

Bibi huyu amebangua korosho tangu msichana. Mnaojua kazi hii mnajua yale mafuta ya ganda. Yanaunguza. Unapaka majivu mikononi, unapaka mafuta ya nazi, lakini miaka ikipita ngozi ya ncha za vidole inachunika, inaota, inachunika tena. Nilimshika mikono yake nikaigeuza juani. Vidole gumba vyote viwili laini kama kokoto la pwani. Hakuna mstari.

Mwaka 2022 alikuwemo daftarini. Alikwenda kupiga kura, mashine ikakataa kidole cha kwanza, cha pili, vyote kumi. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Mtu mmoja akasema bibi anachelewesha watu. Akaona haya, akachukua kipande chake akaondoka. Hakuna aliyemzuia. Tangu siku hiyo anasema, "Mashine ilinikataa mimi." Haambiliki kwamba haikumkataa yeye.

Wenye kupasua kokoto, wavuvi wanaovuta kamba, wanaosuka makuti, wanaochimba mawe ya matumbawe, wote wako kwenye hatari hiyo hiyo. Ni mikono ya kazi. Karani, tafadhali eleza utaratibu.

#12 Karani_wa_Kituo

Utaratibu upo na bibi alipaswa kupiga kura siku ile. Mashine isiposoma vidole, karani anatafuta jina kwa kuandika namba ya kitambulisho. Jina likionekana na picha inafanana, inajazwa Fomu 32A mbele ya mawakala, mpiga kura anaendelea. Hakuna kurudishwa nyumbani kwa sababu ya vidole.

Nasema wazi kwamba sisi makarani tunafundishwa haya kwa siku chache, na foleni ikiwa ndefu wengine wanasahau au wanaogopa kujaza fomu. Kwa hiyo mpiga kura ayajue mwenyewe. Mwambie bibi akifika aseme maneno haya: "Naomba nitafutwe kwa namba ya kitambulisho na nijaziwe 32A." Mfundisheni mpaka ayaseme usingizini.

Pia asiyeona, au mwenye ulemavu, au asiyejua kusoma, ana haki ya kuingia na mtu anayemwamini wa kumsaidia. Si lazima asaidiwe na afisa wa kituo.

#13 Mama_Korosho

Mimi pia vidole vyangu havisomi. Nilidhani ni mimi peke yangu. Mwanangu ameniandikia hiyo 32A kwenye karatasi nimeiweka kwenye kibeti pamoja na kipande.

#14 Doha_Mshwahili

Niko Qatar, nafanya kazi ya ulinzi. Sisi wa nje 2022 tuliruhusiwa kupiga kura katika nchi 12, Qatar na Falme za Kiarabu zikiwemo. Walioandikishwa nje yote walikuwa kama elfu kumi tu. Kituo ni ubalozini, na mwenzenu siku ya mapumziko ni moja kwa wiki. Tena tunapiga ya urais pekee. Ile ya mwakilishi wadi wa kwetu, ambaye ndiye wa barabara ya mama yangu, siigusi.

Kwa hiyo nimempigia simu ndugu yangu mdogo leo. Ana miaka 20, kipande hana. Nilikuwa nikimtumia hela ya matumizi kila mwezi na sikuwahi kumuuliza swali hilo.

#15 Mwalimu_Mstaafu

Nataka niongeze jambo moja, kwa sababu naona uzi unaishia kwenye debe, na maisha hayaishii hapo.

Kaunti zote 47 zinapaswa kuwashirikisha wananchi kwenye bajeti. Ni sheria, iko kwenye Katiba na kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Kabla na baada ya hapo kuna vikao vya wananchi. Sasa vikao hivyo hufanyikaje? Miaka miwili iliyopita tangazo lilitoka gazetini Jumatano, kikao Ijumaa, tena Ijumaa saa sita! Saa ambayo nusu ya wadi iko msikitini. Tulikuwa watu kumi na wanne ukumbini, na saba walikuja na gari la mtu.

Tuliandika ombi la maandishi kwa bunge la kaunti, kila mwananchi ana haki hiyo. Tukasema mambo mawili tu: tangazo lisomwe msikitini, kanisani na kwenye baraza la chifu wiki mbili kabla, na kikao kisiwekwe Ijumaa mchana. Tukaambatanisha sahihi za watu mia mbili na kitu, kila mmoja na namba yake ya kipande. Mwaka uliofuata kikao kikawekwa Jumanne. Ukumbi ukajaa mpaka watu wakasikiliza dirishani, na zahanati yetu iliyokosa paa kwa miaka mitatu ikaingia kwenye makadirio. Mama mmoja alisimama akauliza fundi ataanza tarehe ngapi. Afisa akatafuta kwenye makaratasi yake. Mama akaendelea kusimama mpaka tarehe ikapatikana.

Mnaona sahihi zile zilitaka namba ya kipande? Asiye na kipande hakuweza hata kulalamikia paa.

#16 Kijana_Likoni

Nimerudi. Leo nimekwenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge letu. Jina langu bado lilikuwa nilikojiandikisha nikiwa chuoni Nairobi. 2022 nilipanda basi usiku kucha kwenda kupiga kura kwa watu ambao siishi nao.

Nimehamisha. Haikuchukua hata nusu saa, hakukuwa na foleni. Yule dada wa ofisini akaniambia wengi watakuja mwezi wa mwisho, na mwezi wa mwisho watu wanazimia kwa jua. Nimewachukua vijana wawili wa bodaboda hapa stejini, kesho naenda nao. Mmoja anasema hajali. Nimemwambia asijali akiwa ndani ya daftari.

Mwalimu, ukipata nafasi nitumie ile barua ya ombi la kikao. Kwetu nako vikao hufanywa Ijumaa.

#17 Mwalimu_Mstaafu

Nitaichapa upya niiweke humu, kila mtu aichukue abadili jina la wadi. Ni ukurasa mmoja.

#18 Bint_Msambweni

Habari za Jumamosi.

Tulimpeleka bibi wa korosho. Hakutaka kwenda. Alisema ana kuku wa kulisha. Tukawalisha kuku pamoja, tukampandisha bodaboda, mimi nikakaa nyuma yake nimemshika. Jina lake limo, kituo ni kile kile. Afisa wa tume, kijana mdogo, aliposikia habari ya vidole alimwekea kiti, akampigisha picha upya, akajaribu vidole vyote polepole akivipangusa kwa kitambaa chenye maji. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikasoma. Kimoja. Mashine ikalia ule mlio wake.

Bibi akakitazama kidole kile. Akasema, "Hiki hakishiki korosho."

Njiani alirudia maneno ya 32A mara tatu, endapo hata hicho kidole kidogo kitamwangusha.

Bado tuna orodha ya nyumba thelathini na moja kwenye kijiji hiki peke yake. Yule mama wa leso mpya kipande sasa anacho, tunaanza naye Jumatatu. Wanaokaa upande wa Msambweni wanaotaka kuungana nasi, tunakutana saa mbili asubuhi chini ya mwembe ulio mkabala na zahanati. Njooni na kipande, nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa asiye na kipande, kitambulisho cha mzazi mmoja, na daftari la kuandikia saa. Maji ya kunywa tutaleta sisi.